Abish Khatun wa Shiraz: alitawala kweli, na je, Washirazi wa pwani wametokana naye?

*"Asalaam aleikum Mwalimu. Ukoo wetu asili yake ni Tumbatu na tangu utotoni tunaambiwa sisi ni Washirazi. Tunaandaa kijitabu cha historia kwa ajili ya mkutano wa ukoo. Mjomba ametoa karatasi ya nasaba iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na juu kabisa pana jina la 'Bibi Abishi binti Saadi, Sultani wa Shirazi'. Nikatafuta, nikakuta kweli alikuwepo Abish Khatun, mtawala wa mwisho wa ukoo wa Salghuri, aliyekuwa chini ya Wamongolia. Mjomba anasema Wamongolia walipouteka Shiraz wanawe walipanda majahazi wakaja Kilwa na Unguja. Kaka yangu anacheka. Anasema bibi huyo alikuwa kikaragosi, hakutawala hata siku moja, na Ushirazi wote ni hadithi za watu walioona haya kuitwa Waafrika. Niandike nini? Alitawala? Na tunaweza kumtaja kuwa mama wa ukoo?"*

Waaleikum salaam, mwanangu. Ndani ya swali lako mna maswali mawili, ila ubishi wa mjomba na kaka umeyafanya yaonekane ni moja. La kwanza ni la Shiraz ya karne ya 13: yule binti alitawala au alitawaliwa? La pili ni la kwetu pwani: pana uzi wowote unaotoka kwake hadi Tumbatu? La kwanza jibu lake ni refu, na mimi binafsi ndilo linalonivutia zaidi. La pili jibu lake ni fupi na mjomba hatalipenda: tarehe zinakataa. Lakini usikimbilie kumwambia kaka yako ameshinda, kwa sababu naye ameteleza, tena zaidi ya mara moja.

Tuanze na huko Shiraz. Wasalghuri hawakuwa Waajemi kwa damu. Walikuwa Waturuki wa kabila la Salur, walioingia jimbo la Fars wakati dola ya Waseljuki inamomonyoka, na mwaka 1148 mkuu wao aitwaye Sunqur akaushika mji wa Shiraz. Walijiita maatabeki, cheo ambacho hapo awali kilikuwa cha mlezi wa mwanamfalme wa Kiseljuki. Wanamfalme wakatoweka, walezi wakabaki na kiti. Kwa lugha, kwa adabu za barazani na kwa mashairi waliyoyafadhili, walikuwa Waajemi kamili, kwa hiyo hakuna ubaya kuwaita ukoo wa Kiajemi, mradi ukumbuke kwamba Uajemi huo ni wa mahali na utamaduni.

Sasa jambo la kwanza la kusahihisha katika simulizi ya mjomba. Wamongolia hawakuuteka Shiraz kwa upanga. Atabeki Abu Bakr bin Sa'd, babu yake Abish, aliyetawala kuanzia 1226 hadi 1260, aliona mapema yaliyoipata miji ya Merv na Nishapur, iliyoangamizwa na Wamongolia mwaka 1221, akaamua kutojaribu bahati yake. Alipeleka utii kwa Khan Mkuu Ogedei na kukubali kulipa dinari 30,000 kila mwaka. Kwa bei hiyo Fars ikasalimika. Baghdad ilipoangushwa mwaka 1258, mshairi Saadi alikuwa Shiraz anakamilisha *Gulistan*, kitabu cha hikaya alichomtunukia Sa'd, mwana wa atabeki huyo, baada ya kumtunukia baba mtu *Bustan* mwaka mmoja kabla. Wataalamu wengi wanaona kwamba hata jina la kishairi la Saadi limetokana na mwanamfalme huyu. Huyo Sa'd ndiye baba yake Abish. Kwa hiyo "binti Saadi" wa kwenye karatasi yenu ni binti wa Sa'd, wala si wa mshairi, kama msomaji wa haraka anavyoweza kudhani.

Ile picha ya majahazi yanayong'oa nanga huku mji unateketea nyuma, basi, haina pa kukaa. Shiraz haikuteketea. Kilichoteketea ni ukoo wenyewe, na uliteketea ndani ya miaka mitatu tu.

Abu Bakr alifariki mwaka 1260. Sa'd alikuwa njiani anarudi kutoka kambi ya Hulagu, mjukuu wa Genghis Khan na mkuu wa Wamongolia wa Uajemi. Alikuwa mgonjwa. Habari za kifo cha baba yake zikamkuta safarini, akawa atabeki kwa siku chache tu, akafariki bila kuuona mji wake. Akawekwa mwanawe Muhammad, mtoto mdogo, na mama yake mtoto, Terken Khatun, akashika usukani. Mwaka 1262 mtoto huyo akaanguka kutoka juu ya paa, akafa. Akaja binamu, Muhammad Shah, askari aliyewahi kwenda na Hulagu kuipiga Baghdad. Hakudumu, Terken Khatun akamkamatisha na kumpeleka kwa Wamongolia. Akatolewa kifungoni nduguye, Saljuq Shah, akapewa kiti, na Terken Khatun akaolewa naye. Usiku mmoja, akiwa amelewa, Saljuq Shah akaamuru mkewe auawe. Kisha, kama kwamba hilo halikutosha, wasimamizi wa Kimongolia waliokuwa mjini nao wakauawa.

Kuua mke ilikuwa aibu ya nyumbani, ingawa kaka yake Terken Khatun alikuwa atabeki wa Yazd na hakulinyamazia. Kuua wasimamizi wa Hulagu ilikuwa vita. Jeshi likaja, likiwa na askari wa Yazd ndani yake. Saljuq Shah akakimbilia Kazerun, akajificha kwenye kaburi la walii Sheikh Abu Ishaq, kwa imani kwamba hapatavamiwa. Palivamiwa. Mwaka 1263 akauawa, na katika ukoo ule, warithi waliosalia wa nyumba ya Sa'd wakawa mabinti wawili, Salghum na Abish. Abish, mwenye umri wa miaka minne au mitano hivi, ndiye aliyepewa kiti.

Hapa ndipo kaka yako anapocheka, na mimi ndipo ninapomwomba atulie. Swali la kujiuliza ni hili: Hulagu alikuwa na jeshi, alikuwa na sababu ya kulipiza kisasi, na mlango ulikuwa wazi. Kwa nini hakuweka gavana wake akamaliza? Kwa nini ahangaike na mtoto wa kike asiyejua hata kuandika jina lake?

Sababu ya kwanza ni kwamba mikono yake ilikuwa imejaa. Mwaka 1260 jeshi lake lilishindwa na Wamamluki wa Misri pale Ain Jalut, na mwaka 1262 akaingia vitani na binamu yake Berke, Khan wa Wamongolia wa kaskazini. Hakuwa na askari wa kumwaga Fars. Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi. Utawala katika nchi ya Kiislamu ya zama zile ulijulikana kwa alama mbili: jina linalosomwa katika khutba ya Ijumaa na jina linalopigwa kwenye sarafu. Daftari za kodi, hukumu za kadhi, hati za ardhi, wakfu za misikiti na madrasa, vyote vilisimama juu ya jina hilo. Liondoe ghafla, na kila mwenye shamba ana sababu ya kuuliza analipa kwa nani na kwa haki gani. Liache, na watu wataendelea kulipa kama walivyolipa jana.

Kisha Hulagu akafanya jambo moja zaidi: akamposa Abish kwa ajili ya mwanawe Mongke Temur. Wewe unatoka visiwani, utaelewa upesi. Ni kama shamba la mikarafuu ambalo mrithi wake ni yatima mdogo. Msimamizi hawezi kuliandikisha kwa jina lake, lakini kila gunia la karafuu linapita mikononi mwake, na akifanikiwa kumwoza yatima huyo kwa mwanawe, wajukuu watakuja kuwa na shamba kwa haki isiyo na ubishi. Dinari za Shiraz za miaka ile zinaonyesha mpango huo waziwazi: jina la mkuu wa Kimongolia lipo, na jina la Abish binti Sa'd lipo, kwenye dhahabu hiyo hiyo moja.

Kwa hiyo katika sehemu kubwa ya miaka yake 20 na zaidi ya "kutawala", Abish hakuwepo Shiraz. Alichukuliwa akiwa mdogo, akakulia na kuolewa katika kambi ya Kimongolia kaskazini, chini ya jicho la mama mkwe wake, Oljei Khatun, mjane wa Hulagu na mwanamke mwenye nguvu. Akazaa mabinti wawili, Kurdujin na Alghanchi. Fars ikaendeshwa na maofisa wa Ilkhani, yaani mtawala wa Wamongolia wa Uajemi, na wakusanya kodi waliobadilishana mmoja baada ya mwingine. Ukitaka kujua nguvu ilikuwa kwa nani, tazama mshairi alimwelekea nani: Saadi, ambaye alikuwa mzee sasa, aliandika mashairi ya sifa na nasaha kwa Inkiyanu, gavana aliyeletwa na Wamongolia. Kuna sifa ndani yake, lakini kuna na maonyo mengi juu ya dunia inayopita, na ujasiri wa kumwambia hivyo mtu mwenye askari nje ya mlango haukuwa mdogo.

Mpaka hapo kaka yako yuko sawa, lakini habari haikuishia hapo.

Mwaka 1281 Mongke Temur aliongoza jeshi kwenda Sham, akajeruhiwa katika vita vya Homs dhidi ya Wamamluki, na mwaka uliofuata akafariki. Mwaka huo huo akafa Ilkhani Abaqa, na kiti kikashikwa na ndugu yao Teguder, aliyekuwa amesilimu na kujiita Ahmad. Ahmad ndiye aliyeamua kumrudisha Abish Shiraz, safari hii akatawale yeye mwenyewe. Alikuwa mjane wa miaka ishirini na kidogo. Mji ulimpokea kwa shangwe, na hilo linaeleweka: kwa miaka ishirini watu walikuwa wanakamuliwa na wageni kwa jina lake, sasa mwenye jina amekuja.

Na alitawala. Aliwakusanya watu wa nyumba ya kale, akawapa vyeo, akamtegemea zaidi Jalal al-Din Arqan, jamaa wa ukoo wa Salghuri. Aligusa mashamba ambayo hazina ya Wamongolia ilikuwa imeyameza, akiyahesabu kuwa ni mali ya baba zake. Alitumia fedha bila kuhesabu. Wakati huo huo mvua ziligoma, na njaa kubwa ikaingia Fars na kuua watu wengi. Kodi haikwenda kambini kama ilivyotakiwa. Mtu anaweza kusema alikuwa mtawala mbaya, na mimi sitabisha sana. Anasa zake katika nchi yenye njaa hazitetewi. Lakini kikaragosi hakosei namna hiyo. Kikaragosi hatwai mashamba ya bwana wake.

Agosti 1284 Arghun, mwana wa Abaqa, akampindua Ahmad na kumuua. Kila aliyewekwa na Ahmad akawa mtuhumiwa. Arghun akamwita Abish aje kambini, yeye akachelewa. Akatumwa gavana mpya, Sayyid Imad al-Din Abu Ya'la, mtu wa Fars ambaye tayari alikuwa amekwisha kumsema Abish kwa wakubwa. Aliingia Shiraz kama mwenye mji, hakujishusha mbele ya binti wa maatabeki. Mwishoni mwa mwaka huo watu wa nyumba ya Abish wakamvamia wakamuua, na nyumba yake ikaporwa.

Hebu litazame tukio hilo kwa karibu, maana ndilo lililoumaliza ukoo. Hakukuwa na uvamizi, wala kuzingirwa, wala ukuta uliobomolewa. Alikufa ofisa mmoja katika ugomvi juu ya nani ana haki ya kukusanya mapato ya Fars. Kwa Arghun, hata hivyo, aliyeuawa alikuwa amebeba amri yenye muhuri wake, na historia ya Saljuq Shah ilikuwa haijasahaulika. Abish akapelekwa kaskazini kukabiliana na mahakama ya Kimongolia. Jalal al-Din Arqan akauawa. Wengine walichapwa. Familia ya marehemu ikaamuliwa kulipwa fidia kubwa mno. Abish mwenyewe hakuguswa mwili, kwa sababu mama mkwe wake Oljei alimkingia kifua. Hata hivyo mamlaka yalikwisha, na jina lake likaacha kuwa na kazi.

Alifariki huko huko kaskazini mwaka 685 Hijria, yaani 1286 au 1287, akiwa hajafika miaka thelathini. Akazikwa Charandab, Tabriz. Mwanahistoria Wassaf, aliyekuwa mtu wa Shiraz na aliyeishi zama hizo, anaeleza kwamba alizikwa kwa desturi ya Wamongolia, pamoja na vyombo vya dhahabu na fedha vilivyojazwa mvinyo. Fikiria: mwanamke ambaye jina lake lilisomwa kwenye mimbari kila Ijumaa, anashushwa kaburini na mvinyo. Baadaye bintiye alimhamisha akamleta Shiraz, katika madrasa iliyojengwa na Terken Khatun kumkumbuka yule mtoto aliyeanguka kutoka juu ya paa. Mpaka leo mjini Shiraz pana magofu ya jengo linalohesabiwa kuwa kaburi lake.

Kwa hiyo ukiniuliza "alitawala?", nitakujibu kwamba kwa miaka 20 jina lake ndilo lililotawala, na kwa mwaka mmoja na ushei akatawala mwenyewe, vibaya, kisha akalipa. Mimi naona wote wawili, anayemwita malkia shujaa na anayemwita kikaragosi, wanairuka ile miezi ya 1283 na 1284, ambayo ndiyo inayotuonyesha alikuwa mtu wa namna gani.

Kabla hatujavuka bahari, sahihisha mambo mawili madogo yasije yakaingia kijitabuni. Usiandike "mwanamke pekee aliyetawala nchi ya Kiislamu". Delhi ilikuwa na Razia kuanzia 1236 hadi 1240, Cairo ilikuwa na Shajar al-Durr mwaka 1250, na jirani wa Fars kabisa, Kirman, ilitawaliwa na Qutlugh Terken kuanzia 1257 hadi 1281 na baadaye na bintiye Padshah Khatun. Wala usiandike "mtawala wa mwisho wa Shiraz". Alikuwa wa mwisho wa Wasalghuri. Bintiye Kurdujin, ambaye kwa maoni yangu alikuwa na akili ya utawala kuliko mama yake, alikabidhiwa mapato ya Fars na Ilkhani Abu Sa'id mwaka 1319. Baada ya hapo Shiraz ilikuwa na ukoo wa Inju, kisha Wamuzaffari, mpaka Timur alipowafuta mwaka 1393.

Sasa pwani. Nimekwambia tarehe zinakataa, hizi hapa. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Sunqur aliishika Shiraz mwaka 1148. Maana yake, maandishi yale yalichongwa Unguja miaka 41 kabla ukoo wa Salghuri haujaanza, sembuse kuisha. Sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, ambaye tarikh ya Kilwa inamtaja kuwa mwanzilishi wa nasaba ya Kishirazi, wataalamu wa leo wanaziweka karne ya 11, hasa baada ya hazina ya sarafu iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984. Abish alizaliwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini baadaye. Na ajabu yenyewe ni kwamba mwishoni mwa karne ya 13, wakati Abish anazikwa Tabriz, Kilwa ilikuwa inawapoteza au imekwisha kuwapoteza masultani wake wa Kishirazi. Nafasi yao ilichukuliwa na ukoo wa Mahdali, ambao ndio Ibn Battuta aliukuta mwaka 1331. Kwa maneno mengine, Ushirazi wa Kilwa ulikuwa umezeeka wakati ule ambapo mjomba anataka uwe unaanza.

Na wanawe? Tunawajua. Walikuwa mabinti wawili, na maisha ya Kurdujin yanafuatika vizuri: aliolewa na mtawala wa Kirman, akamlipizia kisasi alipouawa, akaishia kusimamia Fars. Hakupanda jahazi.

Kama unatafuta ukoo wa Shiraz unaokaribiana na simulizi za Kilwa kwa wakati, basi si Wasalghuri. Ni Wabuya, waliotawala Fars kuanzia karne ya 10 na ambao mtawala wao wa mwisho pale, Fulad Sutun, aling'olewa mwaka 1062. Zama zao ndizo bandari ya Siraf ilipokuwa tajiri, kisha ikatikiswa na tetemeko la ardhi mwaka 977 na kuanza kuporomoka, wafanyabiashara wakahamia kwingine. Hata hapo sikushauri umtafute mfalme wa kumpandikiza. Waliokuja pwani kwa pepo za kaskazi walikuwa mabaharia na wachuuzi wa bandari za Ghuba, na vyombo vyao vya udongo vyenye mng'ao vinafukuliwa mpaka leo kwenye magofu yetu. "Shiraz" lilikuwa jina kubwa la jimbo lao, na mtu akiwa ugenini hutaja mji unaojulikana.

Hapo ndipo kaka anapoteleza kwa mara ya pili. Mwaka 2023 jarida la *Nature* lilichapisha utafiti wa vinasaba vya mabaki ya watu 80 waliozikwa pwani na maeneo jirani kati ya takriban 1250 na 1800. Wengi wa wale waliozikwa katika miji ya pwani walikuwa na asili mchanganyiko: zaidi ya nusu, kwa wengi wao, ilitoka kwa Waafrika, hasa kwa upande wa wanawake, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka Uajemi, hasa kwa upande wa wanaume, pamoja na chembe ya Uhindi. Kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Kwa hiyo simulizi ya wazee haikuwa uzushi mtupu. Na kusema kwamba Ushirazi ulikuwa kukimbia Uafrika ni kuisoma Unguja na Pemba kwa haraka: huko, katika karne ya 20, aliyejiita Mshirazi mara nyingi alikuwa anasema "mimi ni mwenyeji", tofauti na Mmanga aliyekuja na utawala wa Oman. Chama cha Afro-Shirazi cha mwaka 1957 hakikuchagua jina lile kwa kupendeza masikio.

Sasa kijitabu. Una njia tatu. Unaweza kulichapa jina la Bibi Abishi kama mama wa ukoo. Mjomba atafurahi, na mjukuu wa kwanza atakayesoma historia atakitupa kijitabu chote, pamoja na yale ya kweli yaliyomo. Unaweza kulifuta kimya kimya. Hapo utakuwa umeharibu ushahidi, kwa sababu hata jina lililopachikwa lina habari yake. Mimi ningechukua ya tatu: chapa picha ya karatasi yenyewe, nzima, na chini yake uandike, "Karatasi hii inamtaja Abish binti Sa'd juu ya nasaba yetu," kisha ufuatishe tarehe zake na tarehe ya Kizimkazi, bila kejeli. Nasaba yenyewe ianze kwa babu wa kwanza ambaye kaburi lake, shamba lake au hati yake mnaweza kuionyesha.

Kabla ya hapo kaa na karatasi hiyo uihesabu majina. Kutoka kifo cha Abish hadi leo ni karibu miaka 740. Kwa miaka 25 hadi 30 kwa kizazi, kati yake na mtoto anayezaliwa leo panatakiwa vizazi 25 hadi 30. Zikiwepo hatua 11 au 12, basi mwandishi aliruka karne nzima nzima ili afike kwenye jina alilolitaka. Hilo ni jambo la kawaida katika nasaba za pwani, na za Ghuba vilevile, na mara nyingi majina ya chini yanabaki sahihi.

Mimi nimejibu kwa maelezo yako tu. Karatasi sijaiona, na kuna mambo ambayo hayatambuliki bila kuishika. Umri wa karatasi na wino, mkono wa mwandishi, kama jina la juu limeandikwa na mtu yule yule aliyeandika mengine au limeongezwa baadaye: kwa hayo nenda nayo kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, au katika idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uombe mtu anayesoma hati za Kiarabu za pwani. Usiitume kwa posta, wala usiiache bila risiti. Usiitie plastiki ya moto, na usiizibe michano kwa selotepu, kwa maana gundi yake huila karatasi. Ipige picha mbele na nyuma, kivulini mchana, kabla haijatoka nyumbani. Vipimo vya vinasaba vya kununua mtandaoni vinaweza kukuonyesha pengine asilimia fulani ya Uajemi, lakini haviwezi kukutajia mtu wa karne ya 13, na anayekuuzia cheti cha kusema vinaweza anakuibia.

Na mjomba muulize jambo moja, kwa adabu na faragha, wakati kaka hayupo: nani aliinakili karatasi hii, lini, na alikuwa anasoma vitabu gani. Nashuku utapata jina la mwalimu au kadhi wa miaka ya karibuni aliyekuwa na kitabu cha tarikh ya Uajemi rafuni. Ukilipata jina hilo, liandike nalo kijitabuni, pamoja na mwaka.